Wafanyakazi wa Chini ya Kisima

6 Februari

Kiroboto wangu,

Hujambo mwanangu? Sisi huku wazima, isipokuwa mzee wangu, ambaye kifua kinambana kila akiwasha mtambo wa mvuke, na ukimwambia apumzike anasema mashine inamjua yeye tu. Pacha wa dada yako wameota meno kwa mpigo, nyumba nzima haijalala. Wanakusalimu, ingawa hawajui wewe ni nani, maana hujaja kuwaona. Unakuja lini?

Sasa nikuambie kilichonikalisha mbele ya karatasi. Watu wa ofisi ya maji walipita kupima visima vyote vya mtaa. Cha kwetu, kile kilicho nyuma ya chumba cha kupigia pasi, walikipima mara mbili, kisha wakaleta mnyororo na kufuli. Injinia wao, msichana mwenye viatu vya mpira na sauti ya upole, aliniambia maji yana sumu, na sumu yenyewe ni ile dawa tuliyokuwa tunafulia suti. Unaikumbuka, ile iliyokuwa ikikauka mkononi kabla hujaifuta, uliyopenda kuinusa nikawa nakufukuza. Miaka yote ile masalia yake tulimwaga nyuma. Kila dobi wa kufua kwa dawa alimwaga nyuma. Tuliona inapotea, tukajua imepotea. Kumbe ilikuwa inashuka.

Wametupa mpaka mwisho wa mwaka. Hali ikibaki hivi, watajaza kisima zege na kuuchimba ua wote wauondoe udongo, na ili wauchimbe ni lazima waangushe duka na nyumba. Nyumba hii, Kiroboto. Ukutani kwenye chumba chako bado kuna alama za kimo chako za tangu nilipokuchukua nikulee. Mzee anajitia hamnazo, anapiga pasi kama kawaida. Mimi nakuandikia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nitalia, na nikilia wewe utaniambia chochote ili ninyamaze. Nataka jibu la kweli. Wewe kazi yako ni kuchunguza matope, hapa mtaani wanakuita daktari wa matope na mimi nawaachia tu. Kuna namna yoyote ya kukiponya kisima?

Ni mimi shangazi yako.


2 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo,

Na mzee shikamoo yake pia, umwambie mashine haimjui hata kidogo, alale. Mimi mzima wa afya. Wenye nyumba wamepaka rangi ngazi, nimeharibu sketi mbili. Wabusu pacha kwenye mashavu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa maabara, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Umetaka namna, nami nitakueleza kitu ambacho mimi mwenyewe, pamoja na kukisoma miaka yote hii, bado kinanisisimua mwili. Ile dawa ya suti, ukiweza kuiangalia chembe moja moja, ni kama koti dogo lenye vifungo vinne, na kila kifungo ni klorini. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoifanya iwe sumu, na ndivyo vinavyoifanya isioze. Jua haliifikii kule chini, viumbe wengi hawawezi kuigusa. Lakini wapo vijidudu fulani, wadogo hata mbele ya vijidudu wenzao, ambao hewa yetu hii inawaua. Wanaishi kwenye matope yasiyopata hewa kabisa. Na kwa kuwa hawavuti hewa, wanachovuta ni ile dawa. Kila pumzi wanayovuta, kifungo kimoja kinang'oka. Si kwamba wanaivumilia sumu, shangazi. Wakiikosa, wao ndio wanakufa.

Nilipofundishwa hilo mara ya kwanza niliuliza, hawa walikuwa wanaishi vipi kabla binadamu hajatengeneza dawa ya kufulia suti? Mwalimu wangu alicheka, akasema ardhi yenyewe hutengeneza vitu vya namna hiyo, kidogokidogo, na wao walikuwepo wakivivuta kabla hajazaliwa mtu wa kuvaa suti. Nilitoka darasani nikitembea polepole, kama mtu aliyepita kwenye nyumba ya mkubwa fulani bila kubisha hodi.

Sijui kama wapo kwenye kisima chetu. Mahali pengi hawapo. Nahitaji matope ya chini kabisa, na yasiguse hewa. Mwombe injinia afungue kufuli. Jaza ndoo maji ya kisima hicho hicho, zamisha humo chupa ya jemu, tia matope chupa ikiwa ndani ya maji, na uifunge ikiwa humo humo, bila kubaki hata povu moja. Vaeni glovu. Kisha ifungie kwenye blanketi uipeleke kwenye gari la mizigo.

Mpwa wako.


25 Machi

Kiroboto,

Salamu nyingi. Mzee kalala siku moja nzima, kisha kaamka anasema amepona. Pacha mmoja anasimama, mwingine anamwangusha. Wateja wanakuja kama kawaida, ingawa jirani muuza vifaa vya umeme ameanza kuwaambia watu kwamba hapa kwetu kuna jini la klorini.

Matope yako yameondoka jana. Ungetuona ungecheka mpaka ulie. Injinia ameshika kamba yenye kopo, mzee ameshika ndoo, mimi nimetia mikono mpaka kiwikoni, na kila nikifunga kifuniko mzee anasema, "Nimeona povu." Nafungua, naanza upya. "Nimeona lingine." Nikamwambia povu hilo liko kwenye miwani yake. Injinia alicheka mpaka kopo likamponyoka. Hata hivyo, ilipofungwa mara ya mwisho haikuwa na kitu ndani ila weusi mtupu. Sijawahi kushika kitu cheusi hivyo. Nafua tangu ujana wangu, najua weusi wa makaa na weusi wa grisi, lakini huu haukuwa na mwisho.

Nilipomsomea mzee barua yako aliuliza, "Kwa hiyo hapo chini kunaweza kuwa na mtu anafua alichomwaga dobi?" Kisha akarudi kwenye pasi yake.

Hujasema unakuja lini.

Shangazi.


19 Mei

Shangazi, shikamoo,

Natumaini kifua cha mzee kimetulia na kwamba pacha sasa wanaangushana kwa zamu. Mimi sijambo, nimepungua kidogo, nguo zinanicheza.

Wapo.

Niliandika neno hilo kwanza, kisha nikakumbuka salamu, nikalisogeza hapa. Wapo, shangazi. Tunafanya kazi kwenye sanduku kubwa la kioo lisilo na hewa ndani, lenye mikono ya mpira unayoingiza yako kama mtu anayevaa koti la mtu mwingine. Nilifungua chupa yako humo ndani. Nikagawa matope kwenye vichupa, nikatia dawa ile kidogo na chakula kidogo, nikasubiri. Wiki za kwanza hakuna kilichotokea. Nilishaanza kutunga barua ya kukupoza. Halafu asubuhi moja kifungo cha kwanza kilikuwa kimepungua, na cha pili kimeanza.

Nilivaa tena ile mikono ya mpira na kukishika kichupa bila sababu yoyote. Kwa macho huoni kitu, hata kwa darubini ni vidoti tu visivyokwenda popote. Lakini humo ndani kulikuwa na viumbe wengi kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, na walikuwa wanavuta pumzi. Nilisimama pale nikalia kidogo, wenzangu wakadhani nimepokea msiba.

Na kuna hili. Hawakuanza kazi kwangu. Maji ya kisima chenu tayari yalikuwa na makoti yenye vifungo vitatu na viwili. Maana yake walishaanza zamani, wenyewe, wakati wewe uko juu unakunja mashati. Wanakwenda taratibu kwa sababu wana njaa. Hawali peke yao, wanategemea majirani, vijidudu wengine ambao wakipata kitu kitamu hukichachua, na hewa nyepesi inayotoka kwenye uchachu huo ndiyo chakula cha wetu. Kwa hiyo tunawalisha majirani ili wetu washibe. Nimemwandikia injinia. Atawashushia molasi, yale masalia meusi ya kutengenezea sukari, na ofisi yake imekubali kutujaribu mpaka muda ule ule wa mwisho wa mwaka.

Usikifungue kisima. Mwachie yeye.

Mpwa wako.


30 Juni

Kiroboto mwanangu,

Habari za huko? Huku mzee anakohoa, pacha wanakimbia, na dada yako amepata kazi kwenye duka la viatu, anarudi miguu imevimba kwa kuuza viatu vya wengine.

Molasi imeshuka. Injinia anakuja na pipa lake, anashusha bomba, ananiachia nilambe kidole. Siku za mwanzo ua ulinukia kama jiko la mtengeneza peremende. Sasa, mwanangu, acha. Kunanuka. Kunanuka kama mayai yaliyosahauliwa kabatini, na maji ambayo zamani yalikuwa safi kwa macho sasa ni meusi kama ya kusuuzia masizi. Mteja wangu wa siku zote, hakimu, alileta joho lake, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akaondoka nalo. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mimi ni dobi. Watu hawaniletei nguo tu, wananiletea imani kwamba kwangu ni pasafi. Mwezi ujao nina gauni la bibi harusi, la hariri, lenye mkia mrefu kuliko ua wangu, na litakaa hapa siku tatu likining'inia.

Nijibu upesi, ni lazima kunuke? Hakuna kitu kidogo ninachoweza kufanya?

Shangazi.


27 Julai

Shangazi, shikamoo,

Nisamehe, barua yako ilinisubiri mezani muda mrefu. Nilikuwa kwenye vinamasi kuchota matope ya watu wengine. Mpe mzee pole ya kifua, na dada pole ya miguu.

Ndiyo, ni lazima kunuke. Harufu hiyo ni habari njema, inatuambia kwamba hewa imekwisha kabisa kule chini, na bila hewa wetu wanastawi. Sampuli ya mwisho ya injinia ni ya ajabu. Makoti ya vifungo vinne karibu hayapo kabisa. Ya vitatu yamebaki machache.

Lakini sasa tuko mahali pabaya, na nakuomba unisikilize. Koti lenye kifungo kimoja ni baya kuliko lile la vinne. Ndiyo sumu kali kuliko zote. Wakiachia kazi hapo, tutakuwa tumekiharibu kisima zaidi ya kilivyokuwa. Hakuna wa kuking'oa kifungo hicho cha mwisho isipokuwa wao. Wasipate hewa. Wasiguswe na kitu chochote cha kusafishia. Funga pua, mfukuze hakimu, lakini usiguse.

Mpwa wako.


16 Agosti

Kiroboto,

Hujambo? Sisi hatujambo wote. Mzee hajambo, pacha hawajambo, dada hajambo, hata jirani hajambo. Gauni lilitoka zuri. Harufu imepungua sana. Mvua imenyesha kidogo.

Nilikuwa nauliza tu, hao vijidudu wakipata hewa kidogo, au kitu kama hicho, huwa wanakufa wote au wengine hujificha? Nauliza tu.

Uwe na amani.

Shangazi.


20 Septemba

Nani alifungua kifuniko?

Sampuli imefika kwangu na maji ni meupe kama ya kunywa. Nimeyashika kwenye mwanga, kisha nikayapima. Yana hewa, yana dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na yamejaa makoti ya kifungo kimoja. Hakuna kinachosogea. Kila kitu kimesimama pale pale nilipokuomba pasisimame.

Usinijibu kwa salamu, shangazi. Usiniambie jirani hajambo. Niambie kilichotokea.

Shikamoo. Nimeisahau juu, naiweka hapa.


4 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Nilikifungua mimi. Mzee alilegeza skrubu zilizoshika mnyororo, na mimi nikamwaga ndoo mbili za dawa ya nguo nyeupe, kisha nikakoroga kwa mti mrefu ili ifike pote. Ilikuwa siku ile gauni linaletwa. Nililiona linashuka kwenye gari, jeupe, wanawake wanne wamelishika, na upepo ukageuka ukaleta ile harufu usoni mwao. Sikufikiri mara mbili. Mikono yangu maisha yote imefundishwa jambo moja, kwamba kinachonuka ni kichafu, na kichafu kinamwagiwa dawa. Maji yalianza kuwa meupe mbele ya macho yangu, harufu ikakatika, na nilifurahi, Kiroboto. Nilimshika mzee mkono tukafurahi pamoja kama watoto.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika siku nne baada ya hapo.

Tangu wakati huo sijaweza kupita nyuma ya chumba cha pasi. Ofisi ikitaka kuja kubomoa, ije. Kinachonitafuna ni kingine. Umeniambia wewe mwenyewe kwamba walikuwa wakifanya kazi kule gizani miaka yote, bila mtu kuwatuma, wakitusafishia tulichomwaga. Na mimi, mtu wa kazi hiyo hiyo, nikawamwagia dawa ili mgeni asikunje pua.

Nimewaua? Nijibu hilo tu.

Shangazi.


18 Oktoba

Shangazi yangu, shikamoo tena na tena,

Mpwa wako mwenye kuwapenda wote yuko hai, na amejuta kukuandikia barua bila salamu.

Waliokuwa majini umewaua. Waliokuwa kwenye matope ya chini zaidi huenda wamejificha, kama ulivyouliza tu. Lakini sikiliza. Ile chupa ya jemu, uliyoifunga na kuifungua mpaka mzee akaacha kuona povu, bado ninayo. Matope yako niliyalisha, yakazaana, nikayahamishia kwenye vyombo vikubwa, na yanaendelea hadi leo. Ninao, shangazi. Ni wenu, wa kisima hicho hicho, wanaijua dawa hiyo na ua huo. Ninao mtungi mzima wa chuma, na wiki iliyopita nimewapa makoti ya kifungo kimoja peke yake. Wameyamaliza.

Unajua kinachotoka kifungo cha mwisho kikianguka? Hewa isiyo na rangi, ile ile inayotoka kwenye ndizi mbivu na kuivisha tunda lililo jirani. Sumu ya suti inaishia hapo. Nimelifahamu jambo hili miaka mingi, na bado kila nikiliona kwenye kipimo naweka kalamu chini.

Sasa na mimi nikuambie nililolificha. Tangu mwezi wa tatu nilishapiga hesabu zangu nikaona mwaka mmoja hautoshi. Sikukuambia. Kila ulipoandika unakuja lini niliruka mstari, kwa sababu sikutaka kuja kuaga kuta. Nilikuwa nakutia moyo kwa barua huku mwenyewe nimeshaifuta nyumba. Walipokuwa wanang'oa vifungo haraka vile mwezi wa saba, ndipo nilipoanza kuamini, na ndiyo maana hasira ilinipanda kiasi kile.

Nakuja. Nitaukumbatia mtungi kwenye mapaja njia nzima, na abiria watakaouliza nitawaambia nimebeba jamaa zangu. Injinia nimemwambia. Usipike chochote, chemsha molasi.

Kiroboto.


9 Januari

Kiroboto wangu,

Umefika salama? Umeondoka na kanga yangu, najua, usijisumbue kukataa. Mzee anakohoa kidogo. Pacha wanakutafuta chini ya kitanda, kwa sababu ndipo ulipokuwa ukijificha nao. Chumba chako nimekiacha na shuka zile zile.

Injinia alikuja jana na karatasi ya ofisi, lakini hakunisomea karatasi. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akavua viatu vya mpira, akasema, "Mama, nimepata ile hewa ya ndizi." Nikamwambia rudia. Akarudia. Akasema tangu ulipomimina mtungi wako kisimani, makoti ya kifungo kimoja yanashuka kila akipima, na hewa ile inapanda, na hajawahi kuiona kwenye kisima chochote cha kazi yake. Alikuwa anaongea polepole, macho yakiwa kwenye kifuniko, kama anaogopa kusikika. Mzee alizima mtambo wa mvuke ili tusikie vizuri, kisha tukagundua hakuna cha kusikia. Tulikaa hivyo hivyo sote watatu, kimya, na chini yetu kazi inaendelea.

Ndiyo, karatasi. Hawabomoi. Zege halimwagwi. Mnyororo unabaki, maji hayanyweki bado, labda miaka, na kila mwezi watapima. Mzee alisoma mara mbili, akaenda chumbani kwako, akakaa. Nilimkuta ameweka kiganja kwenye ile alama ya kimo chako ya chini kabisa.

Kuna jambo nililifanya baada ya wewe kuondoka, usinicheke. Nilichukua parachichi gumu kama jiwe nikalifunga kwenye mfuko na ndizi mbivu, nikaliweka dirishani karibu na pasi. Nilikuwa nalijua hilo tangu mtoto, mama yangu alifanya, kila mtu anafanya. Sikuwahi kulitazama. Safari hii nilikuwa nasimamisha kazi kwenda kulibonyeza. Lilipolainika nililikata, tukalila kwa chumvi, na nikashindwa kumweleza mzee kwa nini natokwa machozi. Nilikuwa nafikiri, yale yote tuliyomwaga, yale makali yaliyokuwa yakichoma pua, mwisho wake ni huu.

Harufu imerudi, kali kuliko mwanzo. Hakimu alileta joho lake tena juzi, akasimama mlangoni, akauliza kama kuna kitu kimekufa. Nikamwambia, "Hapana mheshimiwa, wapo kazini." Akaniangalia, akaacha joho.

Kwa hiyo pokea salamu za wote. Mzee anakusalimu, dada anakusalimu, pacha wanakusalimu, injinia anakusalimu. Na wale wa chini nao, ambao nawaamkia kila asubuhi kabla sijawasha pasi, hawajambo kabisa. Wananuka.

Shangazi yako.